Mgonjwa akisema "imetosha, nirudisheni nyumbani", ukoo ufanye nini? Na hili la kusaidiwa kufa tulitazameje?

Mtoto wa Hombolo (mleta mada)

Wakuu, mbukwa.

Naleta jambo lililougawa ukoo wetu, na najua si sisi peke yetu. Baba yangu mkubwa ana saratani ya umio. Kwanza ugali uligoma kupita, ukafuata wali, sasa hata maji yanapita kwa shida. Alipelekwa Dar, akapigwa mionzi, akameza vizuri kwa muda, kisha hali ikarudi palepale. Madaktari wametueleza kwamba ugonjwa umefika kwenye ini na hakuna tiba ya kuuondoa. Kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Mwenyewe yuko wodini hapa Dodoma mjini na kila anayeingia anamwambia hilohilo: imetosha, nirudisheni Hombolo.

Kaka yetu mkubwa aliyeko Dar anataka mzee apelekwe India, ng'ombe wauzwe, na shamba la zabibu liwekwe rehani. Shangazi zetu wanataka arudishwe nyumbani kama alivyoomba. Halafu binamu yetu mmoja, kijana mwenye huruma kwelikweli, ndiye anayelala naye wodini, akasema kikaoni kwamba ziko nchi ambako mtu wa hali hii anaomba daktari amsaidie kufa na sheria inaruhusu. Akauliza kwa nini sisi tunamwacha mzee asage meno usiku kucha. Kikao kikawaka moto. Wapo waliomwita muuaji mbele ya wazee.

Mimi nimekaa nikawaza. Naona pale kikaoni mambo matatu yalifungwa kwenye furushi moja. Kuna kuacha tiba isiyosaidia tena. Kuna kutuliza maumivu. Na kuna kumuua mgonjwa kwa ombi lake. Kaka anaona kumrudisha mzee Hombolo ni sawa na kumuua. Binamu naye anaona kwamba kama tumekubali kuacha tiba, basi sindano ya mwisho haina tofauti. Wote wawili wanampenda mzee na wote wawili, kwa maoni yangu, wamechanganya.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni kingine. Katika vikao vyote hivyo hakuna aliyemuuliza mzee. Hawezi hata kuulizwa, maana hajaambiwa ana nini. Anaambiwa ni "vidonda vya koo". Siku majibu yalipotoka, wakubwa walimfuata daktari mlangoni wakamwomba asimweleze, eti atakata tamaa. Kwa hiyo tunabishana juu ya uhai wa mtu mzima aliyewaoza watoto, aliyesuluhisha kesi za mashamba za kijiji kizima, na yeye ndiye pekee asiyejua tunabishana kuhusu nini.

Naomba michango. Wenye sheria, wenye dini, wenye taaluma, na zaidi waliopitia. Tuheshimiane.

Wakili wa Kijijini

Pole sana mleta mada. Nianze na sheria, mtu asije akafanya jambo kwa huruma akaishia gerezani.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 216: ukimshawishi mtu ajiue naye akajiua, au ukimsaidia kujiua, umetenda kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Na ikiwa ni mtu mwingine ndiye anayemchoma sindano kwa nia ya kumuua, hata kwa machozi, hayo ni mauaji ya kukusudia, kifungu cha 196. Ombi la mgonjwa halikuokoi. Wala usijitetee kwamba alikuwa anakufa tu: kifungu cha 203 kinasema anayeharakisha kifo cha mtu ambaye ugonjwa ungemuua hata hivyo, anahesabika amesababisha kifo chake.

Upande wa pili ni huu. Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kukataa matibabu. Upasuaji, mpira wa kulishia, mashine ya kupumulia, vyote vinataka ridhaa yake. Akikataa, daktari anamweleza matokeo, inaandikwa kwenye faili, anaweka sahihi. Hapo hakuna aliyeua.

Ila kukataa mashine si ruhusa ya kumtelekeza. Kifungu cha 206 kinamtaka mwenye dhamana ya mtu asiyejiweza ampatie mahitaji ya lazima. Mkimrudisha kijijini mkamlaza chumba cha nyuma bila maji, bila dawa, bila mtu wa kumgeuza, hilo ni jambo jingine kabisa mbele ya sheria.

Na wosia. Watu wananiuliza kama wanaweza kuandika humo kwamba wasiwekewe mashine. Wosia huanza kazi mtu akishafariki, kwa hiyo ukiwa umefungiwa kabatini hautakusaidia ukiwa kitandani. Sema mbele ya daktari na mbele ya ndugu, iandikwe kwenye faili.

Mnyaturu Ughaibuni

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Kanada. Sheria ya kusaidiwa kufa ilianza hapa 2016. Mgonjwa anaandika ombi mbele ya shahidi. Wahudumu wawili, madaktari au wauguzi wenye mafunzo ya juu, wanampima kila mmoja kwa wakati wake. Kwa kawaida anaulizwa tena dakika ileile ya mwisho kama bado anataka, na akisema hapana, basi.

Nimewauguza waliochagua hivyo. Nakumbuka mama mmoja mwenye saratani ya kongosho, wajukuu wamepanda kitandani kwake, wameimba, amemuaga kila mmoja kwa jina lake. Msiniambie yule daktari ni muuaji. Binamu yenu alisema neno ambalo watu wengi wanalimeza. Mtu anakufa, anajua anakufa, ana akili zake. Kwa nini wasiolala na maumivu yake ndio waamue ayabebe mpaka tone la mwisho?

Lakini nisifiche upande unaonitia wasiwasi. Mwaka 2021 sheria ilipanuliwa, ikawagusa hata watu ambao kifo chao hakijakaribia. Watu wengi wenye ulemavu waliipinga. Walisema mtu anaomba nyumba inayomfaa na msaidizi wa kumwogesha, havipati, ila kifo anakipata. Kwa wenye ugonjwa wa akili peke yake wameahirisha mpaka Machi 2027. Mimi kwa anayekufa naikubali. Kwa aliyekosa msaada wa kuishi, siwezi.

Abu Swafiya wa Kondoa

Assalaam alaykum. Kwetu Waislamu mlango wa kujiua au kumuua mgonjwa umefungwa, hata akiomba. Uhai ni amana. Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kutamani mauti kwa sababu ya dhara lililompata, na akafundisha kwamba akilazimika, amwombe Mola amhuishe maadamu uhai ni kheri kwake, na amfishe kifo kikiwa ndicho kheri.

Ila nawaomba ndugu zangu msiitumie dini kumtesa mgonjwa. Wanazuoni wengi hawakusema kila tiba ni wajibu, na zaidi pale ambapo haina matumaini. Mwaka 1986 Baraza la Kimataifa la Fiqhi, yaani la wanazuoni wa sheria za Kiislamu, lilipokutana Amman lilikubali kwamba ubongo ukishakufa kabisa kwa ushahidi wa madaktari mabingwa, mashine inaweza kuondolewa. Na dawa ya kutuliza maumivu kwa mgonjwa anayeihitaji ni tiba kama tiba nyingine.

Kuhusu kumficha mgonjwa ugonjwa wake: mnamnyima nafasi ya kulipa madeni, kuomba radhi, na kuusia. Hilo mtaulizwa.

Katekista Mstaafu

Naungana na Abu Swafiya. Kwa Wakatoliki, Papa Pius XII aliwaambia madaktari mwaka 1957 kwamba inaruhusiwa kumpa mgonjwa dawa za maumivu hata kama zinaweza kumpunguzia siku, ikiwa nia ni kutuliza na hakuna njia nyingine, na kwamba hakuna anayelazimika kutumia njia zisizo za kawaida ili kurefusha uhai. Watu wa parokiani wakiyasikia haya wanashangaa. Wengi wanadhani Kanisa linadai mashine mpaka mwisho.

Mwalimu wa Mpwapwa

Nimesoma yote. Mimi niko upande wa binamu na nitasema bila kuzunguka.

Mama yangu alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Alipewa panadoli na diklofenaki. Usiku alikuwa anang'ata kanga ili wajukuu wasiamke. Hospitali tuliyokwenda, siitaji, walituambia mofini imekwisha, turudi wiki ijayo. Wiki ijayo! Mama aliniomba mimi, mtoto wake wa kwanza, nimalize. Sikufanya. Lakini mtu akiniambia maneno ya subira namuuliza kama amewahi kuisikia ile sauti ya mtu anayelia huku ameng'ata nguo.

Mnasema maumivu yanatulizwa. Yanatulizwa wapi? Kama nchi haiwezi kumpa mtu dawa, isimkataze na mlango wa kutokea.

Nesi Kanda ya Kati

Mwalimu, mama yako hakutendewa haki. Sina la kutetea hapo. Maumivu makali ya saratani hayatulizwi na panadoli, na hilo si elimu mpya: Shirika la Afya Duniani liliweka ngazi za dawa za maumivu ya saratani tangu 1986, na ngazi ya juu ni mofini.

Kwa manufaa ya mleta mada na wengine, nieleze, maana hofu ya mofini iko kwa ndugu na iko kwa baadhi yetu watumishi pia. Mofini tunayoizungumzia ni ya maji, unga uliochanganywa na maji, anakunywa kidogo kwa sirinji isiyo na sindano. Inatolewa kila baada ya saa nne, kwa saa, bila kungoja maumivu yarudi. Hapo ndipo ndugu wengi wanapokosea, wanaitunza mpaka mgonjwa apige kelele. Dozi huanza ndogo na daktari anaipandisha hatua kwa hatua mpaka maumivu yanyamaze. Siku za kwanza ataona usingizi na kichefuchefu, kisha mwili unazoea. Kinachobaki ni choo kigumu, kwa hiyo dai dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo. Mgonjwa wa saratani anayeinywa kwa maumivu, kwa dozi iliyopangwa, hafi kwa sababu ya mofini, wala hageuki teja.

Kwa mzee wa umio ambaye hamezi, mwelezeni daktari mapema. Ziko njia nyingine, pamoja na sindano ya chini ya ngozi. Msingoje mpaka koo lifunge.

Jambo la pili ni chakula. Hapa ndipo familia za kwetu zinapoumia kuliko mahali pengine, maana kulisha ndiyo heshima yetu. Mtu anayekaribia kufa mwili wake hautaki chakula. Hafi kwa sababu hali. Hali kwa sababu anakufa. Ukimlazimisha uji anapaliwa, uji unaingia kwenye mapafu, na unamwongezea mateso uliyotaka kumpunguzia. Dripu nyingi nazo zinaweza kumjaza maji, avimbe na apumue kwa kukoroma. Lowesha midomo kwa kitambaa safi, mpake mafuta midomoni, msafishe kinywa, mgeuze ili asipate vidonda vya kulala. Kama kuna kidonda kinachotoa harufu, uliza kuhusu vidonge vya metronidazo vya kusaga na kunyunyiza juu yake. Harufu ikipungua, watu wanarudi kukaa karibu naye.

Hii yote inaitwa tiba shufaa. Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, wanaifanya, na hospitali za Kilutheri kama Selian kule Arusha wanawafuata wagonjwa mpaka majumbani. Jirani zetu Uganda walianza huduma ya hospisi, yaani ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, 1993, na mwaka 2004 wakaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuandika mofini wenyewe. Hilo la mwisho ndilo ningependa kuliona kwetu, kwa sababu kijijini daktari hayupo lakini muuguzi yupo.

Mwalimu wa Mpwapwa

Asante nesi. Ningeyajua haya wakati ule ningeligombania. Bado nasema sitamhukumu aliyeshindwa.

Binti wa Manyoni

Nimesita kuandika. Mimi ni mgonjwa. Figo zangu zimeshindwa, naishi kwa mashine ya kusafisha damu.

Nataka mjue jinsi mazungumzo haya yanavyosikika kutoka kitandani. Ndugu wanadhani mgonjwa amelala. Tunasikia. Tunasikia nani ameuza nini, ada ya nani imekwama, michango ya kundi la familia imefika wapi. Kuna siku nilitaka kusema niacheni, na sikuwa nimechoka kuishi hata kidogo. Nilikuwa nimechoka kuwa gharama.

Sasa fikirini siku ile kungekuwa na fomu ya kujaza. Ningeijaza, na watu wangesema amechagua mwenyewe.

Siku mwili wangu utakapokataa kweli, na mashine ikawa inanichosha kuliko kunisaidia, nitasema tuache, na naomba siku hiyo mnisikilize bila kuniita mwoga. Najua kuacha mashine kuna mwisho gani. Lakini nataka nilisemee mwili wangu, si daftari la michango.

Mtoto wa Hombolo

Binti wa Manyoni, nimekusoma zaidi ya mara moja. Ubarikiwe kwa kuandika.

Naomba nimjibu Mnyaturu, maana hoja yake ndiyo nzito kuliko zote humu. Oregon, Marekani, sheria yao inatumika tangu 1997. Kule mgonjwa anakunywa dawa mwenyewe, baada ya madaktari wawili kuthibitisha kwamba hana zaidi ya miezi sita ya kuishi. Ripoti zao za kila mwaka zinaonyesha kwamba sababu zinazotajwa zaidi si maumivu. Ni kupoteza uwezo wa kujiamulia na kushindwa kufanya mambo yaliyowapa raha maishani. Kuwa mzigo kwa familia nako kunatajwa na wengi.

Naielewa sheria hiyo ilivyojengwa. Inamtegemea mgonjwa ambaye ameambiwa ukweli wote, ameelezwa njia zote, na amezoea kuamua mambo yake peke yake. Sasa leta sheria hiyo kwenye ukoo wetu. Daktari anazungumza na kaka mkubwa, mgonjwa anaambiwa mwishoni au haambiwi kabisa, na anayeshika hela ndiye mwenye sauti. Ukoo ambao haujampa mtu haki ya kujua ugonjwa wake utampaje haki ya kuchagua kifo? Atakayechagua ni sisi, na tutasema ni yeye. Mimi ndiyo maana siikubali kwetu. Na nasema hivyo huku nikijua kwamba mama yake Mwalimu aliumia kweli, na kumkatalia mtu sindano bila kumpa mofini ni ukatili. Anayekataa moja lazima apiganie nyingine, tena kwa sauti ileile.

Wakili wa Kijijini

Niongeze kwa faida ya mjadala. Afrika nayo imelijadili. Mwaka 2015 wakili wa Afrika Kusini, Robin Stransham-Ford, aliyekuwa na saratani, alikwenda Mahakama Kuu mjini Pretoria kuomba daktari amsaidie kufa. Mahakama ikamkubalia, lakini alifariki mwenyewe siku ileile, saa chache kabla ya uamuzi kutoka. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Rufaa ikaubatilisha uamuzi huo. Na Uingereza, Juni 2025, wabunge walipitisha muswada wa namna hii kwa kura 314 dhidi ya 291. Mnaona wenyewe jinsi hata wao walivyokaribiana.

Mtoto wa Hombolo

Wakuu, narudi na mrejesho.

Nilimwonyesha kaka uzi huu, hasa alichoandika Binti wa Manyoni. Hakusema kitu kwa muda, kisha akakubali daktari aongee na mzee, yeye akisikiliza kwa simu. Daktari alivuta kiti akakaa, akamuuliza mzee anajua nini kuhusu ugonjwa wake. Mzee akajibu kwamba alijua ni saratani tangu Dar, maana alikuwa amelala kwenye hospitali ya saratani na kusoma anajua. Alinyamaza kwa sababu aliona sisi ndio tunaoogopa.

Akauliza kama atakufa kwa njaa au kwa kukosa pumzi. Daktari akamweleza polepole, bila kumficha. Akasema mpira wa tumboni hataki, na ng'ombe wasiuzwe. Binamu, kwa ujasiri ambao mimi sina, akamuuliza ana kwa ana kama angetaka kusaidiwa kwenda. Mzee akamshika mkono akamwambia anachotaka ni usiku apate usingizi, mchana bado ana watu wa kuongea nao. Ana kesi ya mpaka wa shamba anataka kuimaliza.

Ameanza mofini ya maji. Usiku wa kuamkia leo amelala.

Kaka hajaridhika kabisa. Tumekubaliana nakala za vipimo zitumwe kwa bingwa mwingine azisome, mzee asisafirishwe. Naona ni haki yake kama mtoto.

Sasa nina maswali ya kazi. Tukimpeleka Hombolo, mofini ikiisha nani anaifuata? Na akifia nyumbani, hatutapata usumbufu wa vyeti au kuulizwa na polisi?

Wakili wa Kijijini

Kabla hamjaondoka dai muhtasari wa hospitali wenye jina la ugonjwa, hatua uliyofikia, na kwamba ameruhusiwa kwenda nyumbani kwa uangalizi. Mtendaji wa kijiji ajulishwe mapema kwamba kuna mgonjwa wa aina hiyo. Ikitokea, taarifa ya kifo inaanzia kwa mtendaji, ndipo mnafuatilia usajili RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kupitia ofisi ya wilaya. Karatasi ya hospitali itawaepusha na maswali mengi.

Nesi Kanda ya Kati

Chagueni mtu mmoja wa kufuata dawa, jina lake liandikwe kwenye faili, aje na kitambulisho na chupa ya zamani. Aje kabla haijaisha, chupa ikifika robo aanze safari. Ulizeni leo, kabla ya kutoka wodini, ni siku zipi famasia inatoa mofini, na ombeni namba ya simu ya wodi. Mpeleke nakala ya muhtasari kituo cha afya kilicho karibu ili muuguzi wa pale ajue dozi. Andikeni saa za dawa kwenye karatasi ukutani, atakayekesha aweke alama kila akitoa. Chupa ikae mahali watoto hawafiki. Itakayobaki rudisheni hospitali, msimpe jirani hata akiwa na maumivu makali kiasi gani. Mwambieni naye aje apimwe.